Jina Lako Kwenye Namba Pleti: Milioni Moja Inanunua Nini Hasa?

Ukiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way asubuhi, huwa unasoma gari kabla ya kulitazama. Wakenya tumezoea hivyo. KBS, hilo limekula chumvi. KCN, bado lina nguvu. KDS, huyo amechukua juzi tu. Halafu mara moja moja linapita gari ambalo namba yake haifuati mpangilio wowote unaoujua: imeandikwa jina la mtu, la ukoo au la biashara, basi. Matatu nzima inageuza shingo. Mmoja anauliza ni nani huyo, mwingine anabahatisha jina la mheshimiwa fulani, na yule wa kiti cha nyuma anauliza swali la maana kuliko yote: "Hiyo inalipiwa wapi, na ni pesa ngapi?"

Leo tumjibu huyo wa kiti cha nyuma. Maoni yangu nayaweka mezani mapema. Namba za jina si dhambi, lakini bei yake hapa kwetu imepangwa vibaya, na wengi wanaozitamani hawajui wanachonunua. Hili la pili linaweza kukuumiza mfukoni hata kama hutawahi kuwa na namba ya aina hiyo maishani mwako, kwa hivyo tuanze nalo.

Namba ya kawaida inasema nini

Tangu 1989 magari yetu yanafuata mpangilio unaoujua: herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Inaanza 001A mpaka 999A, inaingia B, inaenda hivyo hivyo hadi Z, kisha herufi ya tatu ya mbele inasogea. I na O zinarukwa kwa sababu zinafanana na moja na sufuri. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye malipo ya parking. Kwa hesabu hiyo kila kundi la herufi tatu linatosha magari karibu 24,000. KDA ilianza 2020. Pikipiki zina KM zake, trela zina Z, serikali ina GK, mabalozi wana CD.

Kitu ambacho namba hiyo haikuambii ni umri wa gari. Inakuambia gari liliingia lini kwenye daftari la Kenya. Gari lililotumika nje linaruhusiwa kuingia nchini likiwa na umri wa hadi miaka minane, kwa hivyo KD inayong'aa inaweza kuwa imewabeba watu wa Yokohama miaka saba kabla hujaijua. Jirani yako mwenye KCZ aliyoinunua mpya dukani pengine ana gari changa kuliko lako. Lakini nani atamsikiliza? Mtaani herufi ndiyo hadhi, na mauzo ya magari ya mitumba yanaendeshwa na herufi hizo zaidi ya injini.

Hapo ndipo namba ya jina inapopata utamu wake. Jina halina umri. Ukiondoa KBS ukaweka jina la baba yako, umefuta tarehe mbele ya macho ya watu. Waingereza waliliona jambo hili mapema. Namba zao za kawaida tangu Septemba 2001 zina tarakimu mbili zinazoonyesha gari lilisajiliwa nusu gani ya mwaka gani, na sheria yao inakataza kuliwekea gari namba itakayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Unaruhusiwa kulifanya lionekane la zamani, au lisilo na umri kabisa, lakini si kulipunguzia miaka. Hapa kwetu anayenunua gari lenye jina asisome pleti kabisa. Asome rekodi.

Bati, au mstari kwenye daftari?

Anayesimamia namba hizi Kenya ni NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Mwenye gari anaingia kwenye akaunti yake ya NTSA kupitia eCitizen, anaomba maandishi anayoyataka, mamlaka inaangalia kama kuna mwenye nayo tayari na kama hayatukani mtu, kisha ankara inatoka na analipa. Bei ambayo imekuwa ikitajwa kwa miaka ni shilingi milioni moja. Linganisha na seti ya pleti mbili za kizazi kipya zilizozinduliwa Agosti 2022, zile zenye alama za usalama, ambazo bei yake ilitangazwa kuwa shilingi 3,000. Bei ya kuamini siku utakayolipa ni ile iliyo kwenye ankara ndani ya akaunti yako mwenyewe, si ile aliyokuambia mtu, na hapo namhesabu hata mwandishi wa makala hii.

Sasa, umelipa milioni. Umenunua nini?

Bati lenyewe ni bati. Pleti zetu hutengenezwa gereza la Kamiti, na la jina halina dhahabu ndani. Ulichonunua ni mstari mmoja kwenye daftari la serikali unaosema kwamba gari lenye chesisi fulani, la mtu mwenye kitambulisho fulani, linaruhusiwa kubeba maandishi haya. Mstari huo ukifutwa, bati lako ni pambo la sebuleni. Na mstari huo usipokuwepo tangu mwanzo, bati lako ni kesi.

Uingereza wanalisema hili bila kuficha. DVLA, idara yao ya leseni na magari iliyoko Swansea, inauza namba tangu 1989, na kila mnunuzi anaambiwa kwamba namba si mali yake. Anapata haki ya kuiweka kwenye gari, na cheti cha haki hiyo kinaishi miaka 10 kabla ya kuhuishwa ikiwa namba haijawekwa kwenye gari lolote. Kuihamisha kutoka gari moja kwenda jingine kunalipiwa pauni 80. Tanzania nao wamekwenda njia ya kukodisha: tangu 2016 ada ya namba ya jina ni shilingi milioni 10 za kwao, na inalipwa upya kila baada ya miaka mitatu. Unaweza kukasirika na bei, lakini angalau jirani zetu hawakudanganyi kwamba umenunua shamba.

Mteja wa pesa za simu anapaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Laini yako si kadi ya plastiki uliyoiingiza kwenye simu. Kadi ikivunjika unapewa nyingine na namba inabaki, kwa sababu namba inaishi kwenye mtambo na imefungwa kwa jina lako. Till ya mama mboga vivyo hivyo: ile karatasi aliyobandika ukutani si till, na mkora akibandika yake juu yake pesa zitaenda kwa mkora. Pleti ya gari ni karatasi ya ukutani. Rekodi ndiyo till.

Milioni haiingii kwenye simu

Hapa kuna jambo ambalo limenichekesha tangu nilipokaa nikalipigia hesabu. Tangu Agosti 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa pesa za simu Kenya ni shilingi 250,000, na salio lote unaloweza kuwa nalo kwenye simu ni shilingi 500,000. Maana yake, milioni moja ya namba ya jina haikai kwenye simu yako, hata ukiikusanya mwaka mzima. Basi unasema utatumia Pesalink kutoka benki. Kima cha juu cha Pesalink kwa muamala mmoja ni shilingi 999,999. Umekosa kwa shilingi moja! Hundi nazo zina ukomo wake hapo hapo kwenye milioni, na malipo makubwa kuliko hapo yanapelekwa kwa RTGS, ule mfumo wa benki kwa benki. Kwa kifupi, huyu ni mzigo wa benki, na hata benki wenyewe wanautazama mara mbili.

Vikomo hivi watu huviona kama usumbufu. Kwenye jambo hili ni rafiki yako mkubwa. Mtu akikuambia umtumie milioni ya namba pleti kwa simu, hesabu yenyewe inamkataa. Anachotaka ni ugawanye mara nne, laini nne, majina manne, na kila jina litakuwa la "cashier" au "mtu wetu wa ofisini". Serikali haina mtu wetu wa ofisini. Tangu 2023 huduma za serikali zinalipiwa kupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Namba ya akaunti unayoiandika pale ni ile rejea iliyotoka na ankara yako. Ankara nyingine, rejea nyingine. Ukipewa Paybill sahihi lakini rejea imetoka kwenye WhatsApp ya mtu, unaweza kuwa unamlipia yeye leseni yake ya kuendesha.

Lakini wengi wanaoliwa hawaliwi milioni. Wanaliwa elfu kumi na tano. Mtu mwenye milioni ya kuweka kwenye pleti kwa kawaida ana wakili, ana meneja wa benki, ana mtoto anayejua kompyuta. Anayeliwa ni dereva wa teksi aliyenunua Note yake kwa mkopo wa sacco, anayetaka namba nzuri tu, si jina: labda 777, labda mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, labda 001. Anapata ujumbe: "Boss, hiyo namba iko. Series mpya inafunguliwa wiki hii. Ukituma deposit 15k saa hii nakuwekea, jioni itakuwa imeenda." Angalia ujumbe huo ulivyojengwa. Umemwita boss. Umempa kitu halisi, kwa sababu series mpya kweli hufunguliwa. Umemnyima muda. Na umeomba kiasi ambacho mtu anaweza kukitoa bila kumwambia mke wake.

Jibu ni moja: "Nitumie ankara ndani ya akaunti yangu ya eCitizen." Huyo broka hataweza, kwa sababu ankara ya kweli inazaliwa kwenye akaunti ya mwenye gari, na wewe ndiye uliye na nenosiri. Akikuomba nenosiri ili akusaidie kuiomba, mazungumzo yameisha, kata simu. Kwenye akaunti hiyo kuna gari lako, na uhamisho wa umiliki siku hizi unaanzishwa humo humo. Mtu anayeingia humo hahitaji kuiba pleti.

Ukiwa tayari umetuma, usisubiri jioni aliyoahidi. Omba muamala urudishwe dakika hiyo hiyo kabla pesa hazijatolewa kwa wakala, halafu piga ripoti polisi ukiwa na ujumbe wa uthibitisho. Usiufute ujumbe huo kwa hasira. Ndani yake mna jina la laini iliyopokea, saa na namba ya muamala, na hizo ndizo silaha ulizonazo.

Pleti ni akaunti

Namba ya gari ilikuwa ya polisi na karani wa bima. Leo ni namba ya akaunti. Parking ya mjini unalipa kwa simu ukiandika namba ya gari. Cheti cha bima ni cha kidijitali, na kina namba ya gari na ya chesisi. Kile kifaa cha kupitia Expressway bila kusimama kimefungwa kwenye gari lililosajiliwa. Sacco ya matatu inahesabu makusanyo ya siku kwa namba. Mwenye mkopo wa logibuku, mkopeshaji wake anamjua kwa namba hiyo.

Kwa hivyo siku unayobadilisha KDG yako kuwa jina, umebadilisha namba ya akaunti ya kila kitu hicho, na mara nyingi hakuna anayewajulisha wengine isipokuwa wewe. Gari linabaki lile lile, chesisi ni ile ile, lakini mhudumu wa parking anayepita na simu yake anaandika anachokiona, na kama wewe ulilipa asubuhi kwa namba ya zamani uliyoihifadhi kwenye simu, kwake hujalipa. Utakuta mnyororo kwenye tairi na risiti mkononi, nyote wawili mna haki, na saa mbili zimekwisha. Ajali ikitokea ni mbaya zaidi. Mtu wa bima mwenye nia ya kuchelewesha malipo hahitaji sababu kubwa, na namba zisizofanana ni sababu nzuri kabisa.

Sasa rudi kwenye I na O. Kwenye mpangilio wa kawaida tumezikwepa hizo herufi. Majina mengi hayawezi kuzikwepa. Tazama majina ya Kikenya uone ni mangapi yana I au O. Kwa upande wa Nyanza hata usihesabu. Macho ya mtu anayeandika kwenye simu juani hayatofautishi O na sufuri, wala I na moja. Mtambo unatofautisha. Malipo yakienda kwenye sufuri, gari lenye O halijalipiwa. Ukiwa na namba ya namna hiyo, andika mwenyewe mara ya kwanza kwa uangalifu, hifadhi, na usitume mtu akulipie kwa kukariri.

Waingereza, wakiwa na ucheshi wao, waligeuza tatizo hili kuwa biashara. Novemba 2014 DVLA iliuza kwa mnada namba 25 O kwa pauni 518,000, ada zikiwemo. Mnunuzi alikuwa muuza magari ya Ferrari, na raha yote ilikuwa kwamba ile O inasomeka kama sufuri: 250, kama zile Ferrari za zamani. Pauni nusu milioni kwa sababu herufi inafanana na tarakimu.

Na wewe unayenunua gari la mitumba lenye namba ya kuvutia, usilipe hata shilingi kumi kwa ajili ya namba hadi ufanye upekuzi rasmi wa rekodi kwenye eCitizen. Ada yake haifiki shilingi elfu moja. Soma jina la mwenye gari, soma kama kuna mkopo juu yake, halafu nenda kwenye gari ufungue boneti na ulinganishe chesisi kwa macho yako. Muulize muuzaji kwa maandishi kama namba inabaki na gari au anaondoka nayo. Nimesikia mengi kuhusu mauzo ya magari, lakini sijawahi kumsikia muuzaji anayelitaja hilo bila kuulizwa.

Tatizo langu na ile milioni

Tuseme rekodi iko salama na malipo yamekwenda panapostahili. Bado nina ugomvi na bei.

Bei moja kwa kila jina maana yake serikali inauza jina ambalo watu mia wanaligombania kwa bei ile ile ya jina ambalo hakuna anayelitaka. Hakuna mama mboga anayeuza hivyo. Parachichi kubwa lina bei yake na dogo lina yake. DVLA inauza namba kuanzia pauni 250 kwa mtu wa kawaida anayetaka herufi za jina la binti yake, na zile za kugombaniwa inazipeleka mnadani. Ghuba wamekwenda mbali zaidi. Februari 2008 Abu Dhabi waliuza namba 1 kwa dirham milioni 52.2, na Aprili 2023 Dubai waliuza P 7 kwa dirham milioni 55 katika mnada wa hisani wa kulisha wenye njaa. Sisemi Kenya kuna mtu wa bei hiyo. Nasema wanaotaka kujionyesha waachiwe washindane wenyewe kwa wenyewe, hadharani, na kila mtu aone pesa iliyoingia.

Chini ya hapo, fungua mlango. Weka namba ya jina ya kawaida kwa elfu kadhaa, kiasi kinachoingia kwenye muamala mmoja wa simu, na iwe ya kukodi kama Tanzania, ilipwe upya kila baada ya miaka michache. Fundi mwenye karakana yake Kisumu ataweka jina la karakana. Mwenye basi la shule ataweka jina la shule. Kundi la akina mama lenye pikapu ya kubebea maziwa Nyandarua litajitangaza barabara nzima hadi kiwandani. Hao ni wengi kuliko wenye milioni, na watalipa tena na tena.

Najua pingamizi zitakazokuja. Kwamba polisi watashindwa kutambua magari, wakati mashine za kusoma namba hazijali kama ni KDS au ni jina, zinauliza rekodi tu. Kwamba kuna mambo muhimu zaidi, na hili nalikubali nusu. Hata namba za kawaida zimewahi kuadimika hapa, watu wakaendesha na karatasi kwenye kioo, na ni kweli kwamba anayesubiri pleti ya shilingi elfu tatu hapaswi kumpisha mtu wa jina. Lakini mlango ukifunguliwa kwa wengi, hiyo pesa ndiyo ingekuwa ya kununulia mashine ya pili ya kuchapa.

Pingamizi ambalo silisikii likisemwa kwa sauti ni lile ninaloamini ndilo la kweli: kwamba zikiwa nyingi, hazitakuwa na maana. Na hapo ndipo ninapotaka tufike. Leo ukitazama kizuizi cha barabarani, gari lenye jina linapofika, mkono wa afisa unapanda kutoa saluti kabla jicho halijashuka kwenye tairi. Matatu iliyo nyuma yake inakaguliwa hadi kizima moto. Milioni ile hainunui herufi, inanunua huo mkono unaopanda. Jina likiwa kwenye pikapu ya maziwa na kwenye basi la shule, afisa atalazimika kusimamisha gari na kuangalia, kama anavyotakiwa kufanya kwa kila mtu.

Kwa watu wa boda boda, ambao mmeanza kupokea ofa za "namba spesheli ya KM" kwa elfu ishirini: bati mtapewa, tena zuri, limechapwa vizuri kuliko lenu. Kabla hujatuma pesa, mwambie akutajie rejea ya ankara iliyo kwenye akaunti yako, halafu mfungulie mbele yake uione. Kama haipo, hiyo namba haipo, na siku utakaposimamishwa ni pikipiki itakayolala kituoni. Namba ya simu ya aliyekuuzia itakuwa imezimwa.